Fundo Lenye Namba Mbili

Kiwandani mume wangu walimwita Pembetatu, na jina hilo halikumkera hata siku moja. Alikuwa mchoraji katika kiwanda cha pampu za maji, miaka ile kompyuta ilipokuwa moja tu, inakaa makao makuu kwenye chumba chake chenye baridi, sisi wengine tunaisikia tu. Kazi yake ilikuwa kuchukua umbo lililojikunjakunja, tuseme panga la ndani ya pampu linalosukuma maji, akaligawa kwa penseli vipande vya pembetatu mpaka likawa kama wavu. Kompyuta haikuweza kulipigia hesabu panga zima, ilitaka kipande kimoja kimoja. Mistari ilipokutana paliitwa fundo, na kila fundo lilikuwa na namba yake na vipimo vyake viwili vya kuonyesha mahali lilipo. Penye kona pembetatu zilikuwa ndogo kama punje za mtama, kwingine zikanenepa. Nilimuuliza kwa nini asizifanye zote sawa tukapumzika.

"Chuma hakipasuki kila mahali," akasema. "Kinaanzia konani. Huko ndiko kwa kuchungulia."

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini namba nazikumbuka. Mpaka leo niulize namba za nyumba zote tulizopanga, nitakutajia bila kupepesa.

Sasa kuna panga moja lilimtoa jasho. Mara mbili alipeleka orodha yake makao makuu, mara mbili majibu yakarudi kwamba panga linaachana katikati, mahali pasipo na shida yoyote. Mkuu wa ofisi ya michoro, mtu mrefu mwenye uso mkavu, akamwambia mbele ya wenzake kwamba akikosea mara ya tatu atarudi stoo kugawa spana.

Jumamosi akaja na michoro ameificha ndani ya koti. Kuitoa kiwandani lilikuwa kosa la kufukuzwa.

"Wewe akili zimekuruka," nikamwambia.

"Nisomee tu, mama watoto. Macho yangu yameshazoea kuona yanachotaka."

Jumapili mchana tukawatoa watoto nje, tukatandaza karatasi mbili juu ya meza, maana panga halikuenea kwenye moja. Mimi nasoma orodha ya mafundo na vipimo vyake, yeye anafuatisha kwa kidole kwenye mchoro. Nilipofika fundo la mia moja thelathini na saba nikanyamaza.

"Umelala?"

"Hivi vipimo nimeshavisoma."

"Zimebaki mia mbili, bibie, usinichezee."

"Nimeshavisoma. Rudi themanini na nane."

Akarudi. Vipimo vilevile. Fundo lilelile alikuwa ameliandikia namba moja kwenye karatasi ya kushoto na nyingine kwenye ya kulia, na majirani zake manne hivyohivyo. Kwa macho mistari iligusana. Kwa kompyuta palikuwa na ufa, upande mmoja haujui kama mwingine upo. Mume wangu alicheka mpaka akavua miwani.

Safari ya tatu majibu yakarudi safi. Mkuu akamwita, akamwonyesha pembeni ya mchoro mahali pa kuandika jina la aliyekagua. Mume wangu angeweza kuandika la mwenzake yeyote, yakaisha.

"Mke wangu ndiye aliyekagua, mkuu."

"Ina maana ulitoa michoro?"

"Niliitoa."

"Amesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

Mkuu akaangalia mchoro, akamwangalia yeye. Kisha akamwandikia barua ya onyo, na juu ya barua akaweka mchoro wa panga jingine. "Hili nalo akalisome. Ila barua saini kwanza."

Tulisoma hivyo Jumapili za miaka kumi na moja. Halafu kiwanda kikaletewa kompyuta inayofuma wavu yenyewe. Siku hiyo alirudi mapema, akaketi mezani mikono mitupu.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Imemaliza kwa dakika nne," akasema. "Wala haikumuuliza mtu."