Fundo la Saba Halina Mtu

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mwalimu wa chekechea anaikunjua kamba yake mlangoni mwa darasa. Ina mafundo ishirini. Kila mtoto anashika fundo lake, kisha wote wanaongozana kwenda uwanjani kuruka na kupanda matairi.

Watoto ni kumi na tisa. Fundo la saba halina mtu. Hata hivyo wa sita na wa nane hawasogeleani, na kamba kati yao haijalegea hata kidogo. Mwandishi wa makala haya anainama kuitazama vizuri, kisha anarudi nyuma hatua moja.

"Hata mimi niliogopa," anasema mwalimu. "Siku hizi nahesabu tu, natembea."

Ana watoto watatu wa kuwazaa na miaka kumi na miwili katika kazi hii. Wazazi humwita Mama Kamba.

Fundo la saba lilikuwa la mvulana wa miaka mitano. Pacha wake, msichana, hushika la nane. Likizo ya mwisho wa mwaka jana homa ilimuua mvulana kwa siku mbili tu. Shule zilipofunguliwa, mwalimu aliwaambia watoto kwamba mwenzao amesafiri.

"Nilidhani nawapunguzia uchungu. Kumbe najitia kitanzi mwenyewe! Mtu akisafiri si anarudi? Basi wakamtunzia nafasi yake."

Walimtandikia mkeka. Walimwekea kikombe cha maziwa. Wakicheza duara, waliacha pengo la mtu mmoja. Siku moja mtoto aliteleza akaangukia pengo lile, akainuka na kusema, "Pole, nimekuumiza?" Hakuna aliyecheka.

Pacha yeye hajasema neno darasani kwa mihula miwili. Haruki wala hapandi. Mwalimu mkuu ameshatamka kwamba asipoongea hadi mwisho wa mwaka, hatapanda darasa la kwanza.

"Mama yake alinishika mkono pale getini," anakumbuka mwalimu. "Akaniambia, 'Dada, nyumbani anaongea sana usiku. Ila si na sisi.'"

Wiki iliyopita, kwa ruhusa ya mama huyo, mwalimu aliketi sakafuni kati ya watoto.

"Nikawaambia, mwenzenu hajasafiri. Amekufa, na mimi ndiye niliyewadanganya. Mmoja akauliza, 'Sasa viatu nani anamfunga? Yeye hajui.' Nililia mbele yao, sioni aibu kusema."

Anatamani nini sasa? Hafikirii mara mbili. "Nisikie sauti ya yule binti kabla shule hazijafungwa. Basi."

Mstari umefika katikati ya uwanja. Hakuna upepo. Ghafla kamba kati ya fundo la sita na la nane inalegea, inashuka, inagusa vumbi.

Msichana anasimama. Anatazama kamba, anatazama pembeni yake, anaangalia geti kwa muda mrefu.

"Mwalimu," anasema kwa sauti iliyokauka. "Ameachia."

Mwalimu anapiga magoti palepale kwenye vumbi, machozi yakimtiririka, na anamsogeza msichana hadi kwa mtoto wa sita.

"Haya, mama. Twende tukapande matairi."

Kesho, anasema, atampeleka ofisini kwa mwalimu mkuu akaongee mwenyewe. Fundo la saba hatalifungua.