Jiwe la Wake Wenza

Tusekile wa Mbebe ana miaka sitini na mmoja, analima maharage, na akianza habari za bibi yake hanyamazi. Bibi huyo, marehemu Tumpale, ndiye aliyemlea. Alimwachia hadithi moja: mlimani, kwenye mahame ya watu wa kale, upo mwamba wenye vishimo viwili vya kusagia ulezi. Wake wenza wawili waligombana, basi wakawa wanasaga hapo wamepeana mgongo mpaka uzee wao.

"Bibi alitufunga kamba," alisema wifi yake Aida, tena kwenye matanga ya bibi mwenyewe! Watu wakacheka. Mawifi hutaniana, sawa, lakini kumwita marehemu muongo? Miaka minne sasa, na neno hilo bado linamkera Tusekile.

Mwezi huu vijana walipofyeka njia ya mlimani, alimgongea Aida mlango asubuhi na mapema.

"Twende ukaone. Nisipolikuta jiwe hilo, hadithi hii sitaisimulia tena."

Alipanda kama hana magoti. Nyuma Aida akihema, "Wifi, polepole! Unakimbilia mahari?"

Kule juu, lo! Misingi ya nyumba za mviringo, vigae vya vyungu, kuta za mawe zilizobaki kimo cha goti. Watu waliishi hapa kweli! Tusekile alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, furaha imemjaa kifuani, mpaka akauona mwamba. Una kishimo, kirefu, laini kabisa. Kimoja tu.

Akapapasa, akazunguka, akapapasa tena. Kimoja. Machozi yakamlenga.

Aida hakucheka. Alikaa upande wa pili wa mwamba apumzike, akaegemeza mkono kwenye kuvumwani, ule ukoga wa kijani ulioota juu ya jiwe, na mkono ukazama.

"Wifi," akasema taratibu. "Njoo. Hapa pana shimo."

Walikwangua kuvumwani kwa kucha. La pili hilo! Tusekile akapiga vigelegele mpaka mlima ukaitika. Akafungua fundo la kanga, akatoa ulezi aliobeba kutoka nyumbani, akaugawa. Wakaokota mawe ya mkononi, wakapiga magoti juu ya mwamba, kila mmoja na kishimo chake, migongo ikigusana.

Wakasaga. Baada ya muda Aida akasema, akiuambia mwamba, "Bibi Tumpale, nisamehe."

"Atakusamehe," akajibu Tusekile. "Saga, wifi. Unga bado hautoshi uji."