Nilipitisha Kambi Bila Kuuliza Choo Kiko Wapi

Admin, kabla hujabandika hii, toa jina langu na la kanisa letu, maana hapa Kitale tunajuana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, naishi mtaa wa Tuwan na mama yangu, na ni katibu wa vijana kanisani. Nimechumbiwa na kijana wa upande wa Bungoma, nimwite Wafula. Niko saiba, kwa kompyuta za kulipia, na dakika zangu zinaisha, kwa hivyo mnivumilie nikiandika kwa hasira. Kusema kweli si hasira hata, ni kinyaa.

Mwaka huu kamati yetu ilikaa kuchagua mahali pa kambi ya likizo ya Agosti. Vijana walitaka pwani, wengine walikuwa wameshanunua nguo za kuogelea mitumbani. Wazazi wakasema Mombasa ni mbali mno. Tukataja ziwa, akina mama wakaanza kutaja mmoja mmoja watoto wasiojua kuogelea. Ndipo babake Wafula, mzee wa kanisa anayeheshimika, akasimama akasema shamba lake huko mbele ya Kamukuywa limepakana na msitu, lina kivuli na lina chemchemi, tuende tupige hema. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatumwa kwenda kupakagua.

Nilifika na karatasi yangu nimeandika maji, choo, kivuli, njia ya gari. Lakini kwa boma lile mimi si mkaguzi, mimi ni bibi arusi. Nilichinjiwa kuku. Nililetewa maji ya kunywa, baridi, matamu kweli. Sasa choo ningekiuliza vipi? Msichana anayeposwa amwambie baba mkwe amwonyeshe choo, kisha afungue mlango achungulie shimo? Niliona bati lake kwa mbali juu ya mteremko, nikaandika kwamba choo kipo na maji ni safi. Haja yangu mwenyewe niliibana mpaka sokoni Kamukuywa. Hiyo ndiyo akili niliyotumia kuchagulia watoto wa watu mahali pa kulala.

Mama yangu alijitolea kupika. Yeye ndiye hupikia harusi na matanga mtaani kwetu, na sufuria zake kubwa alizinunua moja moja kwa miaka mingi. Siku ya pili ya kambi mvua ilinyesha mchana kutwa. Siku ya tatu asubuhi nilienda kuchota maji ya chai nikakuta gunzi la mahindi linaelea kwenye chemchemi. Nyinyi mliokulia mashambani mnajua magunzi hufanya kazi gani chooni pasipo karatasi. Nilifuata mfereji wa maji ya mvua ulioingia pale, nikapanda juu mpaka kwenye lile bati. Mvua ilikuwa imelijaza shimo mpaka juu, limefurika, na uchafu ulikuwa unashuka taratibu na funza wake kuelekea pale tulipokuwa tunachota. Nilitapika papo hapo. Nilikuwa nimeyanywa maji yale siku mbili.

Nilimkimbilia Wafula nikamwambia. Nilidhani atashtuka. Aliangalia chini akasema, "Hayo maji ya chini sisi hatukunywangi. Sisi huchota kule juu kwa mwamba, tangu tukiwa wadogo."

Yaani walijua. Maji niliyopewa siku ya kukagua yalitoka kwa mwamba. Mzee alitaka kambi iwe kwake kila mwaka aitwe baba wa vijana, na njia ya mwambani ni ya kupanda, akaona watoto wa wengine watosheke na ya chini.

Kufikia jioni watoto walikuwa wanaendesha tumbo na kutapika kila mahali, hadi ndani ya hema. Msichana mmoja wa darasa la sita alilazwa siku nne akiwekewa maji kwenye mshipa. Alipona, namshukuru Mungu. Jumapili iliyofuata, yule mzee alisimama mbele ya kanisa, akawapa wazazi pole kwa sauti ya upole, kisha akasema, "Siku nyingine tuangalie sana usafi wa sufuria." Mama yangu alikuwa ameketi kiti cha tatu. Tangu siku ile hakuna aliyemwita kupika harusi wala matanga.

Nilimwambia Wafula nitasema ukweli. Akanijibu, "Ukisema, baba atavunja hii maneno ya harusi. Na si ni wewe uliandika maji ni safi?" Nimemsikia akiniita mpenzi tangu siku hiyo, na kila mara natafuta pa kutemea mate. Lakini hata mimi najitapikia, kwa sababu nimenyamaza wiki sita nikimwangalia mama akibeba uchafu wa watu wengine.

Jumamosi hii wanakuja kwetu kuzungumza mahari. Jumapili kamati inakaa kuchagua kambi ya Desemba, na mzee ameshalitoa tena shamba lake. Jana walituma ujumbe kwamba watashukuru kama chakula cha wageni kitapikwa na mtu mwingine, si mama. Mama aliusikia, akaniambia, "Wacha tu wapike wengine. Bora wewe uolewe vizuri."

Leo asubuhi nimemwacha nyuma ya nyumba, ameinama, anasugua zile sufuria kwa majivu. Zilishang'aa tangu juzi. Nilimuuliza anasugua nini, akasema ananusa kitu ambacho hakioni.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, msinitukane tu, niambieni. Niseme Jumamosi mbele ya wageni, au ningoje Jumapili kwenye kamati? Na nikishasema, huyu mwanamume niolewe naye vipi?