Kiti cha Furaha

Wenzangu walimu, nichekeni polepole. Katika sekondari yetu hapa Kisangani, masomo ya hiari ya kuchora, ubunifu na kompyuta nayafundisha yote peke yangu. Juzi wazazi walikuja kuona kazi za wanafunzi, waamue kama masomo hayo yaendelee. Nikiwa hoi, niliketi kidogo tu nyuma ya pazia la jukwaa, kwenye kiti cha kekele, henzirani ya misitu yetu, alichosuka mwanafunzi wangu Furaha.

Nilipofumbua macho, pazia lilikuwa wazi na ukumbi mzima unanitazama. Mkuu wa shule alikuwa amenipa mgongo, akiwaeleza wazazi.

“Bon, kiti ya Furaha ndiyo hii. Lakini iko nguvu?”

“Iko nguvu, papa prefe,” Furaha akajibu. “Madame alikuwa anakoroma ndani yake.”