Mama Mkwe Alipokuwa Mwalimu Mkuu

Mwanangu alipovunjika mguu akicheza mpira, shule yake hapa Mikumi ilikubali asome nyumbani kwa sharti moja: siku ya kurudi afanye jaribio la hesabu. Akishindwa, anarudia darasa la tatu. Naye alikuwa kiranja. Aliogopa kurudia darasa kuliko sindano.

Nilidhani kusoma nyumbani ni kupanga na kupangua: akichoka tunapumzika, umeme ukirudi napiga pasi kwanza. Yeye alitaka shule kamili. Kila asubuhi alivaa sare, kaptula imepasuliwa upande kupisha plasta, akanitoa sebuleni ili niingie upya kama mwalimu. Nikibadilisha kipindi, analia kwamba atafeli.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Kilosa kunisaidia, akakaa sebuleni na ungo wa kunde.

"Wanafunzi wote, simama!" mwanangu akaamuru nilipoingia, akajiinua kwa magongo. Bibi yake, mwenye miguu miwili mizima, akaendelea kumenya.

"Bibi, simama umwamkie mwalimu."

"Mwalimu yupi? Huyu niliyempokea kwangu hata wali hajui kupika?"

"Kila aliye darasani anaamkia. Sema, shikamoo mwalimu."

Ungo ukatua sakafuni. Kwetu mama mkwe hampi shikamoo mke wa mwanawe, hata nyumba iwe inaungua. Nikawahi mimi: "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mwalimu haamkii mwanafunzi!" mwanangu akafoka. "Darasa limeharibika."

Hatukugawanya namba hata moja siku hiyo, wala kesho yake. Jaribio lilikuwa linasogea. Nikamtangaza mama mkwe kuwa mwalimu mkuu, ambaye huamkiwa na wote, mimi nikiwamo. Mwanangu akaridhika. Mama mkwe akaridhika kupita kiasi.

"Leo hesabu baada ya chai," aliamua.

"Ndiyo, mwalimu mkuu," akajibu mtoto ambaye kwangu angelia.

Mvua ikinyesha, mama mkwe alihamishia darasa jikoni. Njaa ikimshika, alitangaza mapumziko. Tuligawanya namba kitandani, uani, hata kwenye foleni ya kliniki, na mtoto akaanza kupata. Kumbe ratiba ilikubali kupindishwa, ila na mwenye cheo.

Asubuhi ya jaribio, plasta imeshatolewa, mwanangu alisimama mlangoni na begi, haondoki.

"Mwalimu mkuu hajanipa ruhusa."

Mwalimu mkuu alikuwa amerudi Kilosa kupalilia. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena na tena, mtoto ameganda pale pale, mpaka bibi yake akapokea. Nikampa mwanangu simu.

"Shikamoo, mwalimu mkuu. Naomba ruhusa ya kwenda shule."

"Marahaba. Shule ipi tena?"

"Ile ya zamani."

"Haya, nenda. Usinitie aibu."

Akanirudishia simu, akatoka mbio. Alifika karatasi zikigawiwa, akafaulu, akaendelea na wenzake. Mimi asubuhi ile nilibaki mlangoni na simu sikioni.

"Na wewe," mama mkwe akasema, "kipindi cha kwanza umeshaanza?"

"Mama, mwanafunzi ameondoka."

"Sikukuuliza habari za mwanafunzi."