Kizimba cha Chinchila na Rangi ya Kutu

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi, fundi alianza kazi saa mbili na robo asubuhi, akapumzika nusu saa adhuhuri, akaweka koleo chini saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Alikuwa msichana wa maneno machache, mhitimu wa uchomeleaji katika chuo cha ufundi, na siku hiyo hakuunda geti wala dirisha. Aliunda kizimba cha chinchila.

Chinchila huyo, mnyama mdogo wa jamii ya panya mwenye manyoya mororo kama sufi, alikuwa wa babu yake mzaa mama. Jirani aliyehama ndiye aliyemwachia, pamoja na boksi ambalo sasa lilikuwa limetafunwa likabaki kuta mbili. Tangu Bibi afariki, Babu alikuwa haondoki kitandani mpaka jua limtie aibu. Alipopata wa kumlisha majani makavu, akawa wa kwanza kuamka nyumba nzima.

Kabla ya hapo, fundi na Babu walikuwa wamekwenda dukani. Muuzaji aliwatolea kizimba cha rangi ya waridi chenye sakafu ya plastiki.

"Hiki hata simba hatoki, mzee wangu."

Fundi aliigonga ile plastiki kwa ukucha. "Huyu atakula sakafu kabla ya Jumatano."

"Mjukuu wako ana maneno makali!"

"Mjukuu? Huyo ni mke wangu mdogo," Babu akajibu. "Akishasema hapana, hata mimi nanywea."

Basi akakiunda mwenyewe: kirefu cha kufika kifuani, wavu wa matundu madogo, na vibao vya mbao tupu vilivyopishana, ili mnyama akiteleza asiporomoke kutoka juu hadi chini. Alikitengea kona isiyofikiwa na jua, kwa kuwa joto humdhuru chinchila upesi, akatia ndani bakuli la vumbi laini, maana yeye huoga vumbi, si maji. Tena, kwa kuwa chuoni alifundishwa kwamba chuma kisichopakwa rangi ya kuzuia kutu ni kazi nusu, aliipaka fremu yote rangi hiyo, nyekundu ya kuelekea machungwa. Ilipokauka, Jumatatu jioni, mnyama akahamia.

Kesho yake asubuhi chinchila alipiga mwayo mbele ya fundi. Meno yake ya mbele yalikuwa na rangi ya machungwa.

Alimkimbilia babu yake. "Babu, amekula rangi yangu. Nimemuua."

"Hebu toa mkosi huo mdomoni!" Babu akafoka, lakini viatu alivivaa kushoto kulia.

Kwa daktari wa mifugo, fundi alieleza kila kitu bila kuinua macho. Daktari, mama mmoja mnene asiye na haraka, akafunua mdomo wa mnyama, akatazama, akaufunga.

"Nani kawaambia meno ya chinchila ni meupe?"

Fundi akainua macho.

"Akiwa mzima, huwa hivi hivi. Siku yakiwa meupe ndiyo mniletee mbio. Ila hiyo rangi, mwanangu, kaikague kama ina alama za meno. Halafu iondoe yote. Kama hajaitafuna leo, ataitafuna kesho."

Nyumbani fundi alipitisha kidole juu ya kila chuma, upande hadi upande. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Kilichotafunwa ni kibao cha juu tu, na kilitafunwa kwa bidii. Pumzi aliyoibana tangu asubuhi ikamtoka kwa mkupuo, akajikuta amekaa sakafuni, anacheka kwa sauti.

"Mke wangu," Babu akasema, akivua viatu, "leo umenizeesha kuliko miaka yangu yote sabini na miwili."

Chinchila akarudishwa kwenye mabaki ya boksi lake kwa muda. Fundi akakitoa kizimba uani, akakikwangua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikabaki kitupu, akakiosha, akakikausha. Kazi ile nusu ndiyo aliyoikabidhi.

Mwaka mmoja baadaye chinchila alikuwa amekwisha kutafuna vibao vinne, na vyote vinne Babu alivichonga upya kwa mkono wake.