Kibuyu cha Mama Mwenyeji

Chwa, chwa, chwa. Hata sasa, nikiamka mapema huku kwetu Taita, upande wa Kenya, sikio langu linaitafuta sauti hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Ni maziwa ya mgando yakigonga ubavu wa kibuyu. Mama mwenyeji wangu, kule kijijini Bahi, ng'ambo ya mpaka, alikuwa akikaa kwenye kigoda nje ya chumba changu, anakilaza kibuyu mapajani, anakisukasuka mpaka siagi ijikusanye. Mimi bado niko kitandani, nasikiliza. Mwanzoni sauti ni nyepesi. Kisha inakuwa nzito, dub, dub, na hapo mama anaacha.

Nilikwenda huko kujitolea kwa mwaka mmoja, nikiwafundisha kina mama wa kikundi kushona sare za shule. Nilikuwa na cheti cha ushonaji na ndoto zisizo na idadi. Nikikanyaga cherehani nilijiona narudi siku moja na gari langu mwenyewe, nyuma limejaa vyerehani, watoto wanalikimbilia. Niliwasimulia wenzangu, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Maliza kwanza pindo la hiyo sketi, mkwe wetu," mmoja akaniambia. "Gari litakukuta hapo hapo."

Kitu kimoja tu nilikitaka na sikukipata, nacho ni kusuka maziwa. Niliteka maji, nilitwanga mtama, nilichuma mboga ya mlenda, niliamia ndege shambani mpaka koo likakauka kwa kelele. Lakini kibuyu, hapana.

"Shikamoo mama. Leo nipe nijaribu."

"Marahaba. Mgeni hasuki maziwa kwenye nyumba yangu. Mgeni anakunywa."

"Jamani mama! Ugeni gani huu wa miezi yote hii?"

"Kwani umeota mizizi? Hebu kunywa."

Nilipokea kikombe nikicheka, maana yeye naye alikuwa anacheka. Ila lile neno, mgeni, lilinibakia baada ya maziwa kuisha.

Mpunga ulipoanza kuiva nilijua mwaka wangu unaisha. Ndipo nikaanza kuikumbuka Bahi nikiwa bado Bahi. Nilikuwa naanika nguo, naona vumbi la ng'ombe wanaorudi, na machozi yananilenga kana kwamba tayari niko mbali. Halafu mama yangu mzazi anapiga simu, ananiambia ukungu umeshuka mlimani na mahindi ya kuchoma yapo, nami namtamani yeye vilevile. Moyo wangu ulikuwa na nyumba mbili, na haukupata usingizi katika yoyote.

Nikajiapia kwamba sitaondoka kabla sijasuka yale maziwa, hata mara moja. Nikiondoka bila hivyo, niliwaza, nitakuwa nimepita tu pale, kama wale wanaokuja kupiga picha na watoto kisha wakaenda zao.

Siku ya kuniaga, kikundi kilinipikia wali na kuku, wakanifunga khanga mpya.

"Ukifika kwenu usiseme tulikulisha mlenda tu."

"Nitasema mlininyima mume!"

Vigelegele vikapigwa. Mama mwenyeji alikaa pembeni anachagua mawe kwenye mchele.

Jioni yake nikamwomba kibuyu kwa mara ya mwisho.

"Kesho alfajiri nakwenda shambani," akasema. "Ndege wameushukia mpunga. Sitakusindikiza."

Kila mgeni aliyelala katika nyumba ile nilimwona akisindikizwa mpaka barabarani, mama mwenyewe akiwa amejitwisha mzigo wake. Hata yule shangazi mgomvi aliyekuja kutafuta mbuzi alisindikizwa.

"Hata mpaka pale kwenye mti wa mgunga, mama?"

"Ndege hawajui kama unasafiri. Kalale."

Nililia nikiwa nimejifunika khanga mpya, nikanyamazia humo humo.

Asubuhi sauti haikuwepo. Nilisubiri kitandani, wapi. Nikafungua mlango, na kitu kikanigusa begani. Kibuyu. Kilikuwa kimening'inizwa kwenye kigingi cha mlango wangu, kizito, kimejaa, kizibo kimekazwa. Chini yake kigoda, na juu ya kigoda bakuli la siagi, tupu, limeoshwa. Kutoka upande wa mashambani nilisikia sauti ya mama, nyembamba kwa umbali, ikifukuza ndege.

Bodaboda ilikuwa inisubiri barabarani jua likipanda kidogo. Nikakaa. Nikakilaza kibuyu mapajani, nikaanza.

Hakuna aliyewahi kunionyesha, lakini mwaka mzima nilikuwa nimelala nyuma ya ukuta ule, na masikio yalijua. Nilijua pa kusimama nifungue kizibo, hewa itoke, pssi, na pa kuanza tena bila pupa. Mikono iliuma. Chwa, chwa. Jua likagusa paa. Chwa. Kisha, pole pole, mapajani mwangu mwenyewe: dub. Dub.

Nikaitoa siagi kwa vidole, nikaiosha kwa maji baridi, nikaijaza kwenye bakuli, nikafunika. Kibuyu nikakirudisha ndani, kwenye kigingi cha mama. Nikalamba vidole, nikajitwisha begi langu, nikatoka bila kusindikizwa.